Kiti Kisicho na Msumari

Kila asubuhi, kwa miezi mingi, Placidia alikuwa akinawa uso, anajifunga kitenge, na kabla hajawasha moto anakwenda ubavuni mwa nyumba kuzigonga mbao. Aligonga kwa kifundo cha kidole cha kati, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani, kisha akainamisha kichwa kusikiliza. Aligonga ubao wa juu, akagonga wa katikati, akachuchumaa na kugonga wa chini. Mumewe, Projest, alikuwa akimtazama kutoka mlangoni, mswaki mdomoni.

"Wameitika?" alimwuliza.

"Bado."

"Labda walihama."

Placidia alikwenda jikoni kukoka moto, na siku ikaanza.

Hapa kwetu Rugera watu humwita Mama Agnetha, kwa jina la binti yake mkubwa aliyeolewa Kimuli. Nami nikikutana naye humwita hivyo hivyo, ila katika maandishi haya nitatumia jina lake mwenyewe, kwa sababu habari hii ni yake. Ni mwanamke mwembamba, wa miaka hamsini na kidogo, anayeimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika. Yeye na mumewe wana kibanja cha migomba na kahawa kinachopakana na chetu, mbuzi wachache, na nyumba ya bati ambayo sebule yake ina viti vya plastiki kama sebule zetu zote. Si fundi. Hajawahi kuuza hata mwiko. Alipoanza kazi ya mbao hakuna aliyemwomba aianze, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba kuna jambo anatuficha.

Ilianza kwa benchi la kwaya. Benchi hilo lilivunjika mguu siku ya mazoezi, na Placidia akajitolea kulibeba kichwani mpaka kwa Fundi Hanifu, kule senta. Hanifu ni mjukuu wa mfanyabiashara wa nguo aliyetoka Tanga zamani, na ndugu zake wote wana maduka. Yeye peke yake ndiye aliyechagua msumeno, na husema alifanya hivyo kwa sababu mbao hazikopi. Siku hiyo alikuwa na kazi nyingi. Placidia alikaa juu ya gogo akisubiri, na kila baada ya muda mfupi akauliza kama benchi linakaribia kuisha.

"Mama," Hanifu akamwambia mwishowe, "ukiniuliza tena nitakupa kazi."

"Nipe."

Hanifu alicheka, akamwekea ubao juu ya meza, akamkabidhi randa. Akamwonyesha mara moja jinsi ya kushika, mkono mmoja nyuma na mmoja mbele, na jinsi ya kusukuma kwa mwili wote badala ya mabega. Placidia alisukuma. Mara ya kwanza randa lilikwama, mara ya pili likaruka, na mara ya tatu likatoa utepe mrefu, mwembamba, uliojikunja wenyewe na kuanguka miguuni pake. Aliuokota akautazama dhidi ya mwanga. Benchi lilipokwisha hakuliona, ikabidi Hanifu amwite. Aliondoka na benchi kichwani na utepe ule ameufunga kwenye ncha ya kitenge, pale wanawake wanapofungia fedha.

Basi ikawa kila akienda senta anapitia kwa Hanifu kusukuma randa. Hanifu alimwachia, maana alikuwa anafanya kazi bure. Baadaye akamwuzia randa kuukuu na patasi mbili zilizopungua urefu kwa kunolewa. Watu walipomwuliza kama anakusudia kufungua karakana, alisema hapana. Walipomwuliza sasa kazi hiyo ni ya nini, alisema ni ya jioni.

Mwezi wa nne, katika mvua kubwa, upepo uliangusha msizi uliokuwa mpakani mwa kibanja chao. Ulikuwa mti mnene, ulionyooka, wa umri wa ndoa yao. Wapasuaji walikuja wakaupasua mbao, na kila mtu alijua zinakokwenda: Jovitus, mdogo wake Projest, alikuwa amesimamisha kuta za nyumba mpya na anatafuta mbao za paa. Jioni ile, Projest akiwa anakula, Placidia alisema, "Mbao zile nazitaka mimi."

Projest aliniambia mwenyewe kwamba alikubali kabla ya kumeza tonge. Katika miaka yote ya ndoa mke wake alikuwa ameomba chumvi, madaftari ya watoto, na dawa ya mbuzi. Hakuwahi kusema anataka kitu. Ilibidi alale, aamke, ndipo akumbuke kwamba alikuwa amemwahidi mdogo wake.

Sasa kosa lilitokea hapa, na nalisema wazi kwa sababu sote tulikuwapo na hakuna aliyelizuia. Ilikuwa msimu wa kahawa. Nyuani kwetu kote kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai na mikeka, na kila baada ya muda mtu alipita akiigeuza kwa reki ili jua liingie pande zote. Ndivyo tulivyolelewa. Kitu kikiwa kibichi, unakitandaza juani, unakigeuza, unakifunika jua likizama, na siku moja unakichota mkononi, unakitikisa, kikilia kimekauka. Placidia alitaka mbao zake zikauke haraka. Akasogeza kahawa upande mmoja wa turubai, akazitandaza mbao upande wa pili. Nafasi haikutosha zote, kwa hiyo nusu ilibaki kivulini, ubavuni mwa nyumba, ikisubiri zamu.

Alizigeuza kwa uaminifu, asubuhi na adhuhuri. Mama yangu alipopita alimsifu. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nimekaa karibu, kitabu mkononi, nikilinda kahawa yetu dhidi ya kuku, nilimsaidia kugeuza zile ndefu.

Zilianza kulia katikati ya juma la pili. Jua la mchana lilikuwa kali, na kutoka uwanjani kwao ukasikika mlio mkavu, ta, kama mtu amevunja kuni gotini. Kisha mwingine. Placidia alitoka jikoni mbio akidhani ni mbuzi wamepanda juu ya mbao. Hapakuwa na mbuzi. Ubao mmoja ulikuwa umepasuka kutoka kichwani hadi karibu na kiuno. Wa pili ulijikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Ilipofika jioni hapakuwa na hata mmoja juu ya turubai lile ambao ungeweza kuuweka chini ukatulia.

Jovitus alikuja kuona. Ni mtu mpole, ila ulimi wake haupumziki.

"Shemeji," akasema, akiinua ubao uliopinda, "hizi umezikaanga au umezichemsha?"

"Ziache."

"Niziache wapi? Ukiziacha zitatembea zenyewe." Kisha akamgeukia kaka yake, na safari hii hakuwa anatania. "Kaka, nusu imebaki. Nipe hiyo nusu nipaue, kabla haijaanikwa."

Projest alimtazama mke wake. Placidia alikuwa amechuchumaa, anapitisha kidole kwenye ule ufa, taratibu, kama anatafuta mahali ulipoanzia.

"Kesho nakwenda kwa Hanifu," alisema.

Hanifu alipoelezwa alicheka mpaka akajifuta macho kwa fulana. Kisha akamweka chini. Alimwambia buni hukauka sawasawa kwa kuwa ni kitu kidogo cha duara, lakini ubao una vichwa viwili na tumbo, na vichwa hupoteza maji haraka kuliko tumbo. Ukiuweka juani, vichwa husinyaa wakati tumbo bado limejaa, na hapo lazima upasuke. Ubao hukaushwa kivulini. Unaupaka rangi kwenye vichwa ili maji yasikimbilie huko, unaupanga juu ya vijiti vyenye unene mmoja ili upepo upite, unauwekea mawe mazito juu usijikunje, na unangoja.

"Nangoja mpaka lini?"

"Mpaka useme. Uugonge. Ubao mbichi unaitika kama mtungi uliojaa. Ukikauka, utasikia mwenyewe."

"Nipe makadirio, Fundi."

"Msimu huu wa kahawa upite, mwingine ukaribie."

Aliporudi nyumbani ndipo yalipofanyika makubaliano, mbele ya Jovitus, na kwa kuwa ukuta wetu uko karibu tuliyasikia wote. Projest alisema hawezi kumnyima mkewe kitu alichokwisha kumpa, wala hawezi kumwacha mdogo wake bila paa kwa ajili ya mchezo. Kwa hiyo mbao zilizobaki zingekaa. Siku ya kuchuma kapu la kwanza la kahawa msimu ujao, Placidia awe na kiti kimoja, cha kukalika. Dada Salvina atakikalia. Kikimbeba, mbao zitakazobaki ni za Placidia na hakuna atakayezitaja tena. Kikimwangusha, Jovitus atazibeba siku hiyohiyo, na mambo ya randa yataishia hapo.

Lazima nimweleze Salvina. Ni dada mkubwa wa Projest na Jovitus, mjane, mcheshi, mwenye mwili wa kutosha watu wawili. Viti vya plastiki vya Rugera vinamfahamu. Kwenye harusi huletewa benchi kabla hajaomba, na yeye hulikubali kama heshima yake.

"Hamkunionea haya kunifanya mzani," alisema alipopata habari. Lakini alikubali.

Mbao nzuri zikapangwa ubavuni mwa nyumba juu ya vijiti, zikapakwa vichwani rangi iliyobaki ya mlango, zikawekewa mawe. Na zile mbovu Placidia hakuzitupa. Alikata vipande vifupi penye uzima kati ya ufa na ufa, akasema atajifunzia hivyo. Alinunua nyundo na misumari, akaanza na kibenchi kidogo, alasiri moja Projest akiwa migombani.

Mtu asiye wa huku hatajua kilichofuata kilitokana na nini. Kijijini kwetu nyundo ikisikika kwa fundi, ni kazi. Ikisikika juu ya mbao kwenye nyumba isiyo ya fundi, alasiri, mfululizo, watu wanajua maana yake ni moja: vijana wanapiga jeneza. Hakuna anayengoja kuambiwa. Mama yangu aliacha jembe. Wanaume wawili waliokuwa barabarani walivua kofia wakaingia uani bila kusema neno, wakakaa chini. Mwanamke mmoja alikuja na mzigo wa kuni, akautua jikoni. Placidia alikuwa ameinama nyuma ya nyumba, misumari mdomoni, hamwoni mtu.

Kisha akafika Salvina. Alikuwa ameambiwa njiani kwamba kwa kaka yake kuna nyundo. Alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, amejifunga kitenge kiunoni, na alianza kulia toka kwenye migomba ya kwanza.

"Kaka yangu, Projest wangu, umeniachia nani!"

Projest alitokea migombani na panga, majani ya mgomba begani.

"Nani kafa?" akauliza.

Salvina alinyamaza. Alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani, kisha akautua mkungu chini polepole.

"Inaonekana si wewe," akasema.

"Si mimi."

"Basi nani anapigiwa lile sanduku?"

Nyundo ikaendelea kulia nyuma ya nyumba. Watu wote walikwenda pamoja kuona, na Placidia alipoinua kichwa alikuta kijiji kizima kimesimama mbele ya kibenchi chake, kimevua kofia. Akatoa misumari mdomoni mmoja mmoja.

"Karibuni," akasema.

Walicheka, wengine wakilazimika kushikana. Salvina alikaa chini kabisa, miguu mbele, akicheka na kujifuta machozi ambayo tayari yalikuwa usoni. "Wifi, nimemlia mtu mzima mwenye panga mkononi," alisema. "Hizi ndizi nilileta za msiba. Sasa zimenigeuka, mtazipika niondoke nimeshiba."

Ndizi zilipikwa. Lakini wageni walipoondoka, Projest hakuwa na kicheko. Kulia kwa watu uani kwa mtu aliye hai si kitu kizuri, na yeye si kijana. Alimwambia mkewe kwa upole, "Mama Agnetha, nyundo isisikike tena hapa."

"Hata ya kiti?"

"Hata ya kiti."

Placidia alifikiri kidogo. "Sawa," akasema. "Nitakitengeneza bila nyundo."

Projest aliamini mambo yamekwisha. Jovitus naye aliamini, maana siku iliyofuata alionekana akipima mbao kwa macho, akihesabu kenchi za paa lake. Na Placidia alikuwa tayari njiani kuelekea senta.

"Kuna kiti kisicho na msumari?" alimwuliza Hanifu.

"Viti vizuri vyote havina," Hanifu akajibu. "Msumari ni wa mtu mwenye haraka. Lakini nikuambie ukweli mama, wewe hujui hata kupiga msumari vizuri. Huku ni kugumu zaidi."

"Nifundishe huko kugumu."

Alimfundisha ulimi na tundu. Katika mguu wa kiti unachimba tundu la mraba kwa patasi. Kwenye ncha ya ubao unaoingia mguuni unachonga ulimi wa kipimo kilekile. Ulimi ukiwa mnene, mguu unapasuka. Ukiwa mwembamba, kiti kinacheza. Unatakiwa uingie kwa kusukumwa na kiganja, na usitoke kwa kuvutwa. Unachimba tundu kwanza, kisha ulimi unafuata tundu, maana mbao iliyoondoka kwenye ulimi hairudi. Patasi inahitaji kugongwa, na hapo Placidia alipata ufumbuzi wake mwenyewe: alichonga rungu dogo la mti, akalizungushia khanga kuukuu mara kadhaa na kulifunga kwa kamba. Lilitoa sauti nzito na ndogo, kama mtu anayetwanga karanga nyumba ya tatu. Hakuna aliyekuja na kuni.

Sijui nieleze vipi miezi iliyofuata, kwa kuwa ilifanana. Alilima, alipalilia, alikwenda mazoezi ya kwaya, na jua likielekea kushuka alikaa nyuma ya nyumba na vipande vyake vya msizi mbovu, akichimba matundu. Nilikuwa nimemaliza chuo na nangoja kazi, kwa hiyo mara nyingi nilikaa upande wetu wa mpaka, nikasoma hapo. Hatukuzungumza sana. Ni mtu anayepumua kwa sauti akifanya kazi, na mimi si mwepesi wa kuuliza. Ndimi zake za kwanza zilikuwa na umbo la meno ya mtoto. Zilizofuata ziliingia zikatoka zenyewe. Alizitupa kwenye kikapu cha jikoni, na maharage ya nyumba ile yalichemka kwa ndimi na matundu msimu mzima. Projest alipokula alisema maharage yana ladha ya kiti.

Placidia hakukasirika wala hakucheka sana. Alikuwa anachukua kipande kilichoshindikana, anakigeuza, anatazama ni wapi patasi ilikwenda mbali, kisha anachukua kingine. Mara moja nilimwona amejikata kidole. Alikifunga kwa kipande cha kitenge, akaenda kumpa mbuzi maji, akarudi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, asubuhi moja ya baridi, aligonga ubao wa juu, akagonga wa katikati, akachuchumaa kugonga wa chini, na akabaki amechuchumaa. Akagonga tena. Sauti ilikuwa nyepesi, wazi, yenye mwangwi mfupi. Hata mimi niliisikia upande wetu.

"Wameitika?" Projest akauliza mlangoni, kwa mazoea.

"Wameitika."

Projest alitoa mswaki mdomoni. Alikuja akainama pale, akagonga mwenyewe, mara mbili.

"Kweli," akasema. Na nadhani siku hiyo ndipo alipoanza kutaka mkewe ashinde, ingawa hakuweza kusema, kwa ajili ya mdogo wake.

Kiti kilianza kusimama mwezi wa nne. Kilikuwa na miguu minne, viunganishi chini na juu, na egemeo la mbao mbili. Msizi ukipigwa randa una rangi ya asali nyepesi, na Placidia aliusugua kwa msasa mpaka ukawa laini kama kibuyu. Wakati huohuo kahawa migombani zilianza kugeuka. Leo moja nyekundu kwenye tawi, kesho kutwa tano. Sote tulikuwa tunatazama matawi yale kuliko kawaida. Jovitus alipita akazitazama, akapita akatazama kiti, hakutania.

Juma la mwisho ulimi mmoja ulivunjika. Ulikuwa wa kiunganishi cha mbele, kile kinachobeba uzito mtu akikaa. Placidia alikuwa anausukuma tunduni kwa kiganja na ukakatika shinani, kwa sababu alikuwa ameuchonga mahali nyuzi za mti zinapopinda. Alikaa na kile kipande mkononi kwa muda. Kiti kilikuwa kimesimama kwa miguu mitatu na nusu.

Projest aliliona hilo. Aliingia ndani, akatoka, akasimama karibu na mkewe, akatoa mkono mfukoni. Kiganjani palikuwa na msumari mmoja mrefu.

"Mmoja tu," akasema chini chini. "Kwa ndani, pasipoonekana. Mimi nitakuwa nje nakohoa."

"Ulisema nyundo isisikike."

"Nitakohoa sana."

Placidia alitabasamu, lakini alitikisa kichwa. "Utaujua wewe, nitaujua mimi. Na kila mtu akikikalia nitakuwa nausikiliza msumari."

"Kikianguka, zitakwenda. Jovitus ameshatafuta watu wa kubeba."

"Najua."

Alikwenda kwenye rundo, akachagua ubao ambao nyuzi zake zilikuwa zimenyooka toka kichwa hadi kichwa, akapima, akakata. Kwa kukata ubao ule rundo lilipungua, na kama angekosea tena muda ungemwishia, na mbao zilizobaki zingekwenda kwenye paa la Jovitus. Alichonga ulimi mpya jioni tatu mfululizo, akiupeleka tunduni, akiutoa, akiupunguza kwa patasi kiasi cha unene wa ganda la kitunguu. Jioni ya tatu uliingia kwa kiganja. Alijaribu kuuvuta. Akaweka mguu juu ya kiti akauvuta kwa mikono miwili. Haukutoka.

Siku ya kapu la kwanza tulichuma pamoja, nyumba zetu mbili, kama kawaida. Saa za adhuhuri kapu lilipojaa, Salvina aliwasili akiwa amevaa gauni la kanisani. Jovitus alikuja na kamba begani, na vijana wawili wakabaki barabarani na baiskeli zao. Hata Hanifu alifunga karakana akaja, akisema amekuja kununua ndizi. Placidia alikitoa kiti, akakiweka katikati ya ua, akarudi nyuma.

Salvina alikizunguka. Alikigusa egemeo, akainama kutazama chini ya ubao wa kukalia.

"Hakina msumari kweli?"

"Hakina," Hanifu alisema.

"Wifi, nikianguka nikafa, basi na jeneza langu lisiwe na msumari. Tusisumbue watu kwa nyundo."

"Kaa, dada," Projest akasema. Sauti yake ilikuwa kavu.

Salvina alishika magoti, akageuka, akashuka. Alishuka kama anavyoshuka siku zote, taratibu hadi nusu ya safari, kisha kwa ghafla. Kiti kililia, kwii, sauti ndefu. Kiliinama upande mmoja. Jovitus alishika kamba. Placidia aliganda, viganja vimebana kitenge chake, na macho yake hayakuwa kwa Salvina, yalikuwa kwenye kile kiunganishi cha mbele.

Kikatulia.

Salvina alisubiri. Kisha akaegemea nyuma. Kisha akainua miguu yote miwili kutoka ardhini, akaikunjua mbele kama mtoto, na kiti kikamchukua.

"Kinachechemea," Jovitus akasema. Kweli, mguu mmoja wa nyuma ulikuwa mfupi kidogo, na kilipotikiswa kilibisha chini.

"Na mimi nachechemea," Salvina akamjibu. "Mbona mnanialika? Leta uji, nimekaa."

Projest alipumua kwa nguvu. Alimgeukia mdogo wake, akamshika bega, akamwambia ile miti miwili ya mgrevilea iliyo kwenye kahawa ya juu ni yake, akaikate wakati wowote atakapo. Jovitus akaitoa kamba begani, akaenda kumfungia mbuzi aliyekuwa anakula kahawa mbichi. Aliporudi aliinama akatazama ule ulimi wa mbele, akaupitishia kidole. "Shemeji," alisema, "nyumba ikiisha, mlango nitakuja kuuagiza kwako." Placidia alisema tutaona.

Ubishi ulianza watu wakiwa wanakunywa uji. Projest alisema kiti kitakaa sebuleni, mahali pa wageni, mchungaji akija akikalie. Salvina akasema mchungaji ni mwembamba, hana haja ya kiti kigumu, yeye ndiye aliyekihatarishia mifupa na anaondoka nacho. Hanifu alisema kwa haki kingekaa karakana kwake, watu waone. Walibishana wote kwa furaha, na wakati huo mwenye kiti alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, miguu ameikunja upande, anachambua kahawa, akiondoa majani na zile za kijani.

Nilikuwa nimekaa naye, nachambua. Kwa mwaka mzima sikuwa nimemwuliza chochote. Nilisubiri kelele zizidi, nikainamisha uso kwenye kahawa, nikauliza.

"Mama Agnetha, shikamoo tena. Kile kiti ni cha nani?"

Alichagua kahawa mbichi tatu, akazitupa kwa kuku.

"Kile wakalie wao," alisema. "Changu naanza Jumatatu."